Mzee Ojwang Hakuharibu Kiswahili

Wapo miongoni mwetu, ndugu walimu wa Bujumbura, wanaoshikilia kwamba michezo ya kuchekesha ya televisheni haifai kuingizwa darasani, kwa kuwa eti yaharibu Kiswahili cha wanafunzi. Mfano wanaopenda kuutoa ni Mzee Ojwang wa Kenya. Shahidi huyu wamemwita wenyewe, naye awashinda.

Benson Wanjau, aliyefariki Nairobi mwezi wa Julai 2015, aliigiza kwa miaka mingi katika Vitimbi na Vioja Mahakamani. Watazamaji walimjua kuwa mzee wa Kijaluo, kwa jina na kwa lafudhi. Naye alikuwa Mkikuyu. Lafudhi ile, basi, haikuwa kilema cha ulimi wake, ilikuwa kazi. Kijaluo hakina sauti ya "sh", na aliyekilelewa huelekea kuitamka "s"; Mkikuyu ana mazoea mengine kabisa. Kuyavua mazoea ya kwenu, kuyavaa ya jirani na kudumu nayo miaka yote ile, kwahitaji sikio ambalo wengi wetu tuliosomea fonetiki hatunalo. Mtu huyo ndiye tunayeambiwa hakujua Kiswahili!

Hoja ya pili ina uzito zaidi: kwamba michezo hii yawafundisha watu kuyacheka makabila ya wenzao. Ni kweli, mchekeshaji mvivu hutosheka na lafudhi tu. Lakini katika Vioja Mahakamani washtakiwa walitoka pembe nyingi za Kenya, kila mmoja na ulimi wake, wakahukumiwa wote kwa Kiswahili. Aliyemcheka jirani wiki hii, wiki ijayo aliisikia lafudhi ya nyumbani kwake kizimbani. Na macho yalipomsumbua Ojwang uzeeni, waliomchangia fedha za matibabu hawakuulizana kabila. Hata sinema yetu ilianza kwa kicheko: filamu ndefu ya kwanza ya Burundi, Gito l'ingrat ya Léonce Ngabo (1992), yamcheka msomi aliyerudi kutoka Paris akitazamia uwaziri. Msomi, wala si mkulima asiyejua Kifaransa.

Je, sisi twamcheka nani? Kirundi hakitenganishi "l" na "r". Kalamu kwetu ni ikaramu. Mtoto akisema ameisahau karamu nyumbani, darasa zima huangua kicheko, na mara nyingine mwalimu ndiye wa kwanza. Mtoto huyo hasemi tena hadi mwisho wa muhula. Kosa lake lastahili kusahihishwa, maana karamu ni jambo jingine. Lakini lafudhi yake, ule mwendo wa sauti aliourithi kwa mama yake, haimhusu mwalimu. Ojwang angetusaidia kumwonyesha tofauti hiyo kwa nusu saa, tena akicheka pamoja na wenzake badala ya kuchekwa.

Kiswahili kimepata nafasi shuleni mwetu tangu nchi ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, nasi twalalamika kwamba wanafunzi wajua ngeli ila hawazungumzi. Wanaotaka kuvifukuza vichekesho na waingie kwanza katika darasa lolote la mjini. Watoto wa Buyenzi, waliozaliwa ndani ya Kiswahili, watawajibu upesi. Wale waliohamia kutoka vilimani watainamisha vichwa, na majibu wanayo.