Hesabu Stima Kabla ya Kununua Jenereta



Hapa ofisini wakulima wa Likoni, Kisauni na Changamwe hawaishi kuniuliza, "Bwana karani, ninunue jenereta gani?" Nami huwauliza: je, umekwisha kuhesabu stima unayotumia?

Hesabu yenyewe si ngumu. Wati 1,000 zikitumika saa moja ni uniti 1. Taa 4 za wati 10, zikiwaka saa 4 kila jioni, hazifiki robo ya uniti. Lakini balbu ya joto ya vifaranga, ya wati 250, ikiwaka saa 12 usiku, hula uniti 3. Tangu Aprili 2023, nyumba isiyozidi uniti 30 kwa mwezi hutozwa bei ya chini, yaani kama uniti 1 kwa siku. Basi balbu hiyo kwa siku 10 tu imemaliza fungu la mwezi mzima.

Tena stima ikikatika, vifaranga hufa kwa baridi. Hapo ndipo mtu hukimbilia jenereta. Lakini kumbukeni usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoenea karibu nchi nzima. Hata katika uwanja wa ndege wa Nairobi, wenye mafundi, jenereta ya akiba ilishindwa kuwaka. Itakuwaje ile iliyolala ghalani miezi sita na petroli yake imechakaa?

Shauri langu ni hili: kila kazi ipewe nguvu yake. Mwanga na simu vitoke kwenye jua, ambalo huku pwani tunalo tele. Paneli ya wati 50 na betri yake yatosha taa chache za wati 5. Ila vyuma na viungo vya waya vikaguliwe mara kwa mara, kwani hewa ya chumvi huvila. Joto la vifaranga litoke kwenye jiko la makaa lililozungushiwa bati, banda likiwa na matundu ya hewa, wala mtu asilale humo. Mwenye kazi kubwa, kama kupoza maziwa mengi, na anunue jenereta, lakini asiiwashe kamwe ndani ya nyumba: moshi wake huua.

Leo jioni twaa karatasi, andika kila chombo, wati zake na saa zake. Wazee walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Na stima ni mali.