Samaki Wanaoishi na Ndugu

Mwezi huu tuyaweke pembeni mambo ya wivu na kupekuliana simu. Nataka tuongelee kitu kinachotikisa ndoa nyingi changa kimya kimya: ndugu anayeishi kwenu. Mwalimu wetu leo ni samaki. Usicheke, twende taratibu.

Nyumbani tunafuga siklidi, ukoo ule ule wa sato na perege. Hawa wetu asili yao ni Ziwa Tanganyika. Wadogo tu, kama sentimita 10 hivi, wana rangi ya maziwa ya chai na mapezi yenye ukingo wa buluu. Kitaalamu anaitwa Neolamprologus brichardi, kwa heshima ya Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki wa mapambo kutoka Burundi. Wafanyabiashara wao wamempa jina tamu zaidi: Binti Mfalme wa Burundi.

Ukitaka wazae, usinunue dume na jike ukawalazimisha ndoa. Nunua wadogo sita, waweke kwenye tangi la lita 100 au zaidi, wachaguane wenyewe. Wawili wakishapendana utajua tu, maana waliobaki wataanza kung'atwa. Hao watoe siku hiyo hiyo, la sivyo utawakuta wamekufa.

Maji ya Tanganyika ni magumu, yana chumvichumvi za madini, kwa hiyo panga mawe ya chokaa yawe mapango. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo iliyo wazi siku nzima ili klorini ipungue. Tumia chujio la sponji, maana pampu yenye nguvu inavuta vifaranga. Na kwa sisi wa Dar, joto hatuna shida nalo; shida ni umeme. Ukikatika, hewa inapungua majini. Uwe na pampu ndogo ya betri, na usiwalishe mpaka umeme urudi.

Jike anataga pangoni. Mayai yanaanguliwa baada ya siku mbili tatu, na baada ya kama wiki moja hivi vifaranga vinaanza kuogelea. Ni vidogo kama nukta! Vipe chakula cha unga kilichosagwa laini sana, kidogo kidogo, mara tatu kwa siku. Kila wiki badilisha robo ya maji, usizidishe.

Sasa ndiyo utamu unapoanza. Samaki wengi ukiwaacha na wadogo zao wanawala. Hawa hawali. Wazazi wakitaga tena, watoto wa uzao wa kwanza wanabaki nyumbani kulea wadogo zao: wanasafisha mayai, wanatoa mchanga pangoni, wanafukuza adui. Unakuta kaka, dada na vichanga pango moja, kama nyumba ya bibi wakati wa likizo.

Lakini hakuna cha bure, jamani. Mtafiti Michael Taborsky amewachunguza samaki hawa tangu miaka ya 1980. Aligundua kwamba msaidizi anapata ulinzi, ila anakua polepole kuliko asiyesaidia. Na akishakuwa mkubwa, huduma yake isipohitajika tena, wenye nyumba wanamtimua.

Hapo mimi nikanyamaza. Kwetu tunaishi na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuja kutafuta kazi, na kazi akapata. Sasa ni mwaka wa tatu. Hana neno: mtoto anamfuata shule, maji ya tangi anabadilisha yeye, tukisafiri nyumba inabaki salama. Mume wangu akasema muda umefika akapange. Mimi nikawa napinga, na kusema ukweli sikupinga kwa huruma. Nilipinga kwa sababu ananirahisishia maisha. Ila kijana ana miaka 27, ana mchumba, na kila mipango yake inasubiri ratiba ya nyumba yangu.

Kwenye tangi tuna utaratibu. Uzao mkubwa tunautoa mapema, tunawapa marafiki, kabla mapigano hayajaanza. Ziwani anayefukuzwa anaweza kukimbilia jiwe jingine. Ndani ya kioo hana pa kwenda, atapigwa mpaka afe. Basi hata sebuleni ni vivyo hivyo: usisubiri mpaka mnununiane ndipo useme.

Tulikaa wote watatu siku ya Jumapili. Hatukumwambia "ondoka". Tulimuuliza anataka nini, tukakubaliana miezi minne, na kodi ya miezi mitatu ya kwanza tutamchangia nusu. Mwenyewe alishusha pumzi. Kumbe naye alikuwa akiogopa kutuaga, asionekane hana shukrani!

Kwa hiyo wewe na mwenzako mkalishane leo, mjiulize: huyu ndugu anatusaidia nini, sisi tunamsaidia nini, na mwisho wake ni lini? Majibu mkishayapata, mwiteni na yeye asikie, tena kwa maneno mazuri.

Shemeji anahama mwisho wa mwezi ujao. Ameomba vifaranga sita, aanzie kwake. Mimi nimeanza kujifunza kubeba ndoo za maji.

Tuonane toleo lijalo.