Bastola Ni Ng'ombe Asiyeacha Kwato

Bastola ya kubebwa kwa siri ni silaha ndogo ya moto inayofichika chini ya shati, na ambayo Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inamruhusu raia kuwa nayo kwa cheti tu. Vijana wa mjini huiita mguu wa kuku. Isiolo, mji wa kaskazini mwa Kenya, jina hilo limeshatoka midomoni mwa wahuni likaingia barazani. Wala miraa wa mtaa wa Chechelesi hulitaja, na kila mifugo inapoibiwa, hata waliokuja kutoa pole hulitaja kama dawa. Imani yenyewe ni fupi: bunduki zimejaa vichakani, askari wako mbali, basi mwanamume mwenye mali atafute bastola nzuri. Mabishano yote huangukia neno "nzuri", kama vile Ceska inaishinda Glock au risasi ngapi zinatosha. Kama bastola humlinda kweli mtu wa Chechelesi, hilo halina wa kuliuliza.

Bunduki za kaskazini zilikuja kwa mafuriko, na kila furiko lina mwaka wake. Mwaka 1979, Idi Amin alipoanguka, ghala la silaha la Moroto, Uganda, liliporwa. Januari 1991 Siad Barre alikimbia Mogadishu, na Mei mwaka huohuo Mengistu akakimbia Addis Ababa, na askari wa majeshi mawili yaliyovunjika wakauza walichokuwa nacho mabegani. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria kwamba mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na silaha zipatazo 750,000, nyingi zikiwa hazijasajiliwa. Serikali ilichoma 5,250 kule Ngong Novemba 2016, ikachoma nyingine 5,144 Juni 2021, picha zikapigwa, hotuba zikasomwa.

Kutokana na historia hiyo lipo jambo moja ambalo wanaosifu bastola hulipita kama hawakuliona. Katika nchi ya wizi wa mifugo, silaha ni mifugo. Ina bei, ina soko, ina wapelelezi wa kuchungulia ni nani anayo na analala wapi. Tena inamshinda ng'ombe kwa kila kitu ambacho mwizi anakitaka: haili, hailii usiku, haichoki njiani, na haiachi kwato za kufuatwa na vijana asubuhi. Anayenunua bastola ili alinde ng'ombe wake ameongeza ng'ombe mmoja zizini, na huyo ndiye wa kwanza kutamaniwa.

Leseni ndiyo hatua ya kwanza ya kisheria. Sheria inamtaka mwombaji awe na sababu ya maana ya kuhitaji silaha, na inawafungia mlango walevi wa kupindukia na wasio na akili timamu. Kama sharti hilo la ulevi lingefuatwa neno kwa neno, baadhi ya viuno vinavyovimba kwenye harusi za wakubwa vingekuwa vyembamba zaidi. Desemba 2018 aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, Fred Matiang'i, aliwapa wenye leseni siku 90 wahakikiwe upya, maana vyeti bandia vilikuwa vimezagaa. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikawapokonya bunduki askari wa akiba wa kaunti kadhaa za kaskazini, hao wanaoitwa homeguard, ambao angalau walitembea kwa kundi na walijua kila bonde. Wafugaji wakaachwa mikono mitupu, huku mtu wa mjini mwenye wakili na kiyoyozi akiendelea kuhuisha cheti chake. Hilo ni suala jingine, lakini linaudhi vilevile.

Baada ya leseni huja risasi. Bastola nyingi za raia na za polisi nchini hutumia risasi ya milimita 9, iliyobuniwa na Mwaustria Georg Luger mwanzoni mwa karne ya 20. Barazani huulizwa kama ina nguvu ya kutosha. Swali la kufaa ni kama haina nguvu kupita kiasi. Risasi ya kawaida ya milimita 9, yenye ganda gumu la shaba, hutoboa bati, hutoboa ubao, hutoboa godoro, kisha huendelea na safari yake. Ipo risasi yenye ncha iliyotobolewa, ambayo hutanuka ikigonga nyama na hupunguza safari hiyo. Lakini aliyekosea shabaha gizani hajagonga nyama. Katika nyumba za mabati zilizosongamana, kitu pekee chenye unene wa kuisimamisha risasi iliyokosa njia ni mtoto wa jirani aliyelala.

Ukubwa wa bastola ndio sehemu yenye porojo nyingi zaidi. CZ 75, mama wa hizo Ceska, ilitoka Chekoslovakia mwaka 1975. Ni chuma kitupu, karibu kilo moja kabla ya kutiwa risasi. Glock 19 ya Austria ina mwili wa plastiki ngumu, gramu zipatazo 600 ikiwa tupu, na magazini ya risasi 15. Ziko ndogo kuliko hizo, za risasi sita au saba. Kanuni inayozitawala zote haibembelezwi. Nzito hutulia mkononi lakini hukera kiunoni hadi siku moja inaachwa nyumbani. Nyepesi haionekani lakini huruka mkononi kila inapofyatuliwa, na mtutu wake mfupi hausamehe kosa la shabaha. Tena ulinganisho huo wote ni wa bastola kwa bastola, na wezi wa mifugo hawaji na bastola. Huja na AK yenye magazini ya risasi 30, inayoua mtu aliye mita 300. Kwenye umbali huo mguu wa kuku, wa Austria au wa Chekoslovakia, ni kelele tu, na kelele humwonyesha mwenye AK pa kulenga.

Kisha namna ya kubeba. Wakufunzi wengi wanakubaliana kwamba bastola hukaa kwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio, kwenye mkanda imara, chini ya nguo isiyobana. Asiyeamini umuhimu wa ala na amtazame Plaxico Burress, nyota wa kandanda ya Kimarekani, ambaye Novemba 2008 aliingia klabu ya New York na Glock aliyoichomeka tu kwenye suruali. Iliteleza, akaidaka, akajipiga paja, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Isiolo masharti hayo yanagongana na jua. Kikoi hakishiki ala. Shati jepesi huchora umbo la chuma kila upepo unapovuma. Linabaki koti, na mwanamume aliyevaa koti saa saba mchana Isiolo hana siri tena. Mwendesha boda boda ameshamwona, muuza chai ameshamwona, na anayelipwa kuona ameshapiga simu. Atajigusa ubavuni mara tatu kabla ya kuvuka barabara, kama mama anayehakikisha mtoto bado yupo mgongoni. Ng'ombe wa kilo moja amepitishwa sokoni, na wanunuzi wamemkagua.

Hapa watetezi hutoa hoja yao ya mwisho: bastola si ya kufyatua, ni ya kutisha. Hoja hii inastahili kutazamwa polepole kwa sababu ya uzuri wake. Kitu kilichofichwa kwa ustadi na kwa gharama kinatakiwa kimtishe mtu asiyekiona. Kikionekana, kinatisha, lakini kimeshatangaza mali. Kisipoonekana, hakitishi hata paka. Mwenye kuridhika na hoja hiyo na anunue ya plastiki kwenye maduka ya vitu vya watoto. Haihitaji leseni, na ikiibwa hakuna atakayekufa.

Matumizi yenyewe hupimwa kwa sekunde. Mwaka 1983 Dennis Tueller, sajini wa polisi wa Salt Lake City, alionyesha kwamba mtu mwenye kisu hufika futi 21, yaani mita sita na kitu, kwa takriban sekunde moja na nusu. Ndio muda ambao askari aliyefunzwa huhitaji kuchomoa na kufyatua. Yule ni askari, na anajua kwamba shambulio linakuja. Mfanyabiashara wa mbuzi anayetoka mnadani hachagui saa, hachagui kona, hachagui giza. Hivyo vyote ni chaguo la anayemvizia. Chaguo lake yeye lilikuwa moja tu, la bastola, na alilifanya dukani mchana kweupe akiwa ametulia.

Shambulio la kigaidi la Westgate hutajwa daima. Ni kweli kwamba Septemba 21, 2013, raia wenye leseni, Abdul Haji akiwemo, waliingia na bastola katika jengo lile la maduka la Nairobi na kuokoa watu. Lakini waliingia kwa hiari, kwa kundi, wakiwa bega kwa bega na polisi waliovaa kiraia. Siku hiyohiyo kamanda wa Recce, kikosi maalumu cha polisi, aliuawa, na taarifa zilizochapishwa zilisema risasi zilikuwa za wanajeshi, wenzake katika kazi ileile. Kama mwenye sare huuawa kwa kudhaniwa adui, mwenye shati la maua na bastola mkononi ana dua tu.

Wenye fedha nyingi kila siku Isiolo walishapata kinga nyingine. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, bei ya ngamia inaweza kuvuka mji bila noti hata moja mfukoni. Wanawake wa maziwa ya ngamia, wale wa ushirika wa Anolei, hupakia madumu kwenye mabasi ya Nairobi na hulipwa bila kuhitaji koti saa saba mchana.

Baada ya risasi kutoka, sheria hurudi. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinasema kwamba nguvu ya kulinda mwili au mali hupimwa kwa misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza. Mtu wa Chechelesi aliyefyatua saa nane usiku kwa ajili ya mbuzi wawili atapimwa kwa hekima ya majaji wa London: je, nguvu aliyotumia ililingana na hatari? Mbuzi hawajawahi kulingana na roho ya mtu. Hili barazani halizungumzwi, kwa kuwa aliyeshtakiwa huwa hayupo kulizungumza.

Mwisho ni utunzaji na upotevu. Mwenye cheti anatakiwa kuiweka silaha mahali salama na kuripoti mara moja ikipotea au ikiibwa. Katika nyumba ya mabati, mahali salama ni sefu ambayo vijana wawili huibeba pamoja na kilichomo. Mwenyewe huenda kituo cha polisi kupata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, na huko huulizwa aina ya bastola, idadi ya risasi, na alikuwa wapi. Huulizwa pia nambari iliyochongwa kwenye chuma, ambayo kwa bastola ndiyo chapa. Chapa ya ng'ombe huunguzwa kwenye ngozi, na mwizi akijaribu kuichoma upya kovu hubaki. Nambari ya bastola huondoka kwa tupa.