Matembezi ya Nani Huhesabika?

Jumamosi moja ya mwezi Januari, klabu yetu ya matembezi iliingia Sikonge alfajiri, mvua ikinyesha. Tulikuwa watu 22: walimu, wauguzi, makarani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na mimi mwenye kazi ya kufundisha vyuoni. Tulikuwa tumetoka Tabora mjini kwa basi dogo, kilomita takribani 70 za lami. Mwenyekiti aliuliza kama tuahirishe. Muuguzi mmoja akajibu kwamba wagonjwa wake hawaahirishi. Tukashuka.

Njia tuliyoipanga ilikuwa ya kilomita 14. Ilianza kwenye mashamba ya mahindi na tumbaku, ikaingia kwenye msitu wa miombo, ikavuka mbuga moja yenye majaruba ya mpunga, kisha ikazunguka kurudi mjini. Wakati wa kiangazi njia hiyo ni vumbi na mwanga mkali. Wakati wa masika ni nchi nyingine kabisa: majani mabichi, uyoga chini ya miti, mizinga ya nyuki ikining'inia matawini ikichuruzika maji, na udongo unaoshika kiatu kama mdai asiyetaka kuondoka mlangoni.

Hatujafika mbali tulikutana na mama mmoja mwenye umri wa kutosha kumzaa mwenyekiti wetu. Kichwani alikuwa na mzigo wa kuni, mabegani amejifunika karatasi ya nailoni. Tulimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, akazitazama fulana zetu za rangi moja, akauliza kwa upole: “Msiba uko wapi, wanangu?”

Tukamweleza kwamba hakuna msiba, tunatembea tu. “Kwenda wapi?” Kwenda na kurudi. Alinyamaza kidogo, akatutakia safari njema, akaendelea na njia yake. Baadhi yetu walicheka. Mimi swali lile lilinikaa kooni. Kwake yeye, watu wazima 22 hawawezi kutoka majumbani mwao kwenye mvua kama hakuna aliyekufa. Sisi tulikuwa tumelipa nauli ili tupate jambo ambalo yeye angelipa, kama angekuwa na fedha, ili aepukane nalo.

Tulipofika mbugani tulikuta kijito kimejaa. Daraja lake ni gogo moja. Mkulima aliyekuwa akitengeneza kingo za jaruba lake aliacha jembe, akaja kutuvusha mmoja mmoja akitushika mkono. Nilimuuliza watoto wa upande huu huvukaje kwenda shule. Akajibu kwamba maji yakiwa chini ya goti huvuka, yakipita goti hubaki nyumbani. Na daftari la mahudhurio husemaje siku hiyo? Akatabasamu bila furaha: “Linasema ni watoro, mwalimu.”

Ndugu msomaji, hilo neno ndilo lililonifanya niandike. Mtoto wa miaka minane anayefika ukingoni, akayapima maji kwa macho, akaamua kuishi, anaandikwa mtoro. Siku hiyo hiyo mtu mzima aliyetembea kilomita tano barabarani, mbele ya bendi na kamera, anaandikwa kuwa amehamasisha jamii.

Nchi hii ni ya watu watembeao, na Unyamwezi zaidi ya kwingine. Katika karne ya 19 wapagazi wa huku walibeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo, zaidi ya kilomita 700, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi. Desturi yao ilikuwa kuondoka baada ya mavuno na kujitahidi kurudi mvua zianzapo, kwa kuwa mvua ni ya jembe. Lakini si kila bwana wa msafara aliijali kalenda ya mkulima. Stanley na Livingstone waliondoka Ujiji mwishoni mwa Desemba 1871, wakafika Kwihara, jirani na Tabora, Februari 1872. Safari hiyo yote ilikuwa ya masika. Vitabu vinatueleza hata habari za miguu ya Livingstone iliyochubuka. Miguu ya waliobeba mizigo katika matope yale yale haina ukurasa wake. Hesabu yetu ya nani ametembea ni mbovu tangu zamani.

Tumewahi kuona mfano mwingine. Oktoba 1967, miezi michache baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kwenda kwenye mkutano mkuu wa TANU. Mtu anaweza kubishana na siasa zake, lakini hawezi kukataa kwamba kiongozi aendaye kwa miguu mwendo wa namna hiyo hukutana na nchi kama ilivyo: mashimo yake, vijito vyake na watu wake. Matembezi ya siku hizi ya viongozi wetu mara nyingi huanzia uwanjani na kuishia uwanjani. Huchaguliwa barabara ya lami, msimu mkavu na saa ya ubaridi. Mgeni rasmi huvua miwani, hutembea hatua za kupigwa picha, kisha hukaa kwenye hema. Ameuona mgongo wa mpiga picha.

Najua nitakachojibiwa. Mwenzangu mmoja kwenye basi alinionya nisiingize siasa katika afya: watu wana shinikizo la damu na kisukari, waache watembee. Nakubali, watembee; mimi mwenyewe natembea kwa amri ya daktari. Lakini afya ya miguu yangu haiwezi kutenganishwa na swali la nani ana mahali pa kukanyaga. Kivuko cha watembea kwa miguu chenye mbao imara na kamba za kushikilia si mradi wa kungoja wafadhili. Barabara inapojengwa, ukingo wa watembea kwa miguu si pambo la kuongezwa fedha zikibaki, kwa maana wengi wanaoitumia barabara hiyo hawana hata baiskeli.

Pendekezo langu ni dogo. Klabu za matembezi na za mbio za pole, ambazo sasa zimeenea katika miji yetu, zitenge angalau siku moja ya masika, kati ya Novemba na Aprili, zitembee njia ambayo watoto huitumia kwenda shule. Pasiwepo mgeni rasmi. Awepo mtu mwenye daftari, aandike: hapa maji yamefika kiunoni, hapa gogo limeoza, hapa njia imeliwa. Karatasi hiyo ipelekwe kwa diwani na nakala ibaki kijijini, ili mwakani mtu yeyote aweze kuuliza kilichofanyika. Na viongozi wakialikwa, waje na mabuti yao, watembee nyuma ya wenyeji.

Sisi tumeanza. Siku ile, tukiwa tumelowa hadi mifupani, tuliandika ukurasa mmoja juu ya kijito kile na kuupeleka panapohusika. Mpaka naandika haya hatujapata jibu. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ameahidi misumari na kamba. Mkulima amesema mbao za kuanzia atazitafuta na wenzake. Tutarudi mwezi Machi, mvua zikiwa bado zipo. Nikimkuta tena yule mama njiani, akauliza msiba uko wapi, nitampa jibu bora kuliko lile la kwanza: tunakwenda kijitoni.