Pikapu ya nyumbani iwe 4x4? Maswali ya mama kabla ya kutoa makuta

Mvua imerudi, na barabara zetu zimerudi kuwa matope. Juma hili tunajibu swali lililoletwa na kikundi kimoja cha hapa Kalundu. Mwenzao ameomba mkopo kwenye likirimba: mume wake anataka pikapu yao, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma tu, igeuzwe 4x4 uani pa nyumba. Fundi amesema inawezekana. Wamama wanauliza: tutoe?

Si swali la wanaume peke yao. Pikapu hiyo ndiyo inayobeba mihogo, mkaa na ndakala. Ndiyo inayolipa minervali ya watoto. Ikikaa juu ya mawe miezi mitatu, jikoni patajua.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Nguvu inatoka kwenye moteri, inapita kwenye bwati ya vitesi, inaingia kwenye kardani, ule mti mrefu wa chuma unaozunguka chini ya gari, na kufika kwenye ponti ya nyuma inayozungusha magurudumu mawili. Ili magurudumu ya mbele nayo yasukume, vinatakiwa vitu vitatu vikubwa: bwati ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, kardani ya pili inayokwenda mbele, na ponti ya mbele.

Tuchukue Hilux, kwa kuwa ndiyo tunayoiona zaidi. Toyota ilianza kuiuza mwaka 1968 ikiwa ya magurudumu mawili ya kusukuma. Ile ya 4x4 ilikuja mwaka 1979. Kwa macho zinafanana, lakini ukiinama chini utaona ni ndugu wa mama mbalimbali. Kwenye zile za kabla ya mwaka 1997 tunazoziona huku, Hilux ya 4x4 ina ponti nzima ya chuma mbele, imelala juu ya resori za bapa kama zile za nyuma. Ile ya kawaida iko chini zaidi, na kila gurudumu la mbele limeshikwa kivyake. Kwa hiyo hapafungwi ponti pale kama unavyofunga kifuniko kwenye sufuria. Mahali pa kuishikia hapapo. Panatengenezwa kwa kukata na kuchomelea shasi. Usukani unabadilika, mipira ya freni inatakiwa iwe mirefu zaidi, na kardani ya nyuma inapimwa upya.

Kuna siri moja ambayo kila mama anaweza kuisimamia mwenyewe. Ponti ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na hesabu moja. Gari likiwa limeinuliwa na kushikiliwa vizuri, bwati ikiwa huru, fundi aweke alama ya chaki kwenye kardani, kisha magurudumu mawili ya ponti ile yazungushwe pamoja mzunguko mmoja kamili. Hesabuni kardani imezunguka mara ngapi. Itakuwa nne na kitu, au tano pungufu. Afanye hivyo hivyo kwa ponti nyingine. Kama moja inatoa nne na kidogo, na nyingine nne na nusu, basi mbele na nyuma zitavutana kama wake wenza, na bwati mpya itavunjika njiani. Fundi akisema tofauti hiyo si kitu, msimpe makuta.

Ndiyo sababu mafundi wenye uzoefu hawaokoti piesi za okazioni moja moja, leo ponti Bujumbura, kesho bwati Bukavu. Wanatafuta 4x4 nzima ya aina ile ile, iliyopata ajali au iliyokufa moteri, ili kila kitu kilingane. Hapo mjiulize: kama mnanunua gari lingine zima, kwa nini msitengeneze lile, au kuuza pikapu hii na kuongeza juu? Mara nyingi hesabu inaangukia huko. Na gari linalonunuliwa kwa piesi lazima liwe na karatasi zake. Piesi za wizi zinaleta polisi mlangoni, na atakayefungua mlango ni wewe.

Kazi ya uani ina hatari zake. Kriki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gari lishikiliwe na magogo manene au vigingi vya chuma, siyo matofali, maana tofali hupasuka ghafla. Kabla ya kuchomelea, waya za betri zitolewe, na tangi la mafuta lisogezwe mbali. Watoto wasicheze pale. Mafuta machafu ya bwati na ponti yakusanywe kwenye bidoni. Hapa Kalundu mlima uko mgongoni na ziwa liko miguuni. Kila kinachomwagwa uani, mvua inakipeleka Tanganyika, tunakochota maji na kuvua samaki.

Tuseme kazi imekwisha na gari linatembea. Bado limebadilika tabia. Limepanda juu, kwa hiyo linapinduka upesi zaidi kwenye kona, hasa likiwa na mzigo na watu wameketi juu ya magunia. Linakula mafuta zaidi. 4x4 ya namna hiyo inawashwa kwenye matope na mchanga tu. Kwenye lami kavu inajitafuna yenyewe. Na freni ni zile zile: magurudumu manne ya kusukuma yanasaidia kupanda, hayasaidii kusimama. Karatasi za gari na asiransi nazo zionyeshwe mabadiliko hayo. Siku ya ajali, karatasi isiyofanana na gari haimlindi mtu.

Na mito yetu je? Tuliokuwa Uvira mwezi wa Aprili 2020 tunajua Mulongwe ulifanya nini. Maji yakifika kwenye tumbo la gari yanaanza kuliinua, na gari linaloelea halina magurudumu manne wala mawili. Dereva asije akasema, "Sasa tuna 4x4, tuvuke." Mto ukijaa, tunangoja.

Basi jibu letu kwa kikundi ni hili. Kama pikapu inafanya kazi ya Kalundu hadi soko la mjini, Kavimvira na Kiliba, msitoe mkopo kwa kazi hiyo. Kwa sehemu ndogo ya makuta hayo itapata tairi nne zenye meno marefu, minyororo ya kufunga kwenye magurudumu ya nyuma, chepeo, mbao mbili na pampu. Mzigo mzito uwekwe karibu na ponti ya nyuma, maana magurudumu yanayosukuma yanataka uzito juu yao. Kwenye mchanga, tairi zipunguzwe upepo kidogo, kisha zijazwe tena mkifika pagumu. Tumeona pikapu za kawaida zikifika Mboko hivyo, na za 4x4 zimelala kwenye matope kwa sababu ya tairi zilizokwisha.

Lakini kama mkate wa nyumba hiyo uko juu, kupanda Lemera wakati wa mvua kila juma, basi hitaji ni la kweli. Hapo mkopo uende kwenye kununua 4x4 ya kiwandani, hata iliyozeeka, au kwenye 4x4 nzima ya kutolea piesi. Na makuta yatoke kwa awamu tatu. Ya kwanza baada ya wamama wawili wa kikundi kuona piesi zote pamoja na karatasi zake. Ya pili baada ya hesabu ya ponti kufanywa mbele yao. Ya mwisho baada ya gari kwenda na kurudi tupu kwenye njia mbaya bila kelele, na misumari yote kukazwa tena. Yote yaandikwe, fundi atie sahihi, na mwenye gari aseme mbele ya kikundi nyumba itakula nini siku ambazo gari limesimama.

Mama anayeuliza hivyo hamdharau baba watoto. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho wamama thelathini wamekijaza kwa senti za ndakala. Juma lijalo: jinsi ya kuandika karatasi ya mkopo ambayo hata asiyesoma ataielewa.