Samaki wa Mlimani na Sisi wa Pwani

Barazani kwetu, baada ya sala ya Isha, nimekuwa kichekesho tangu niliporudi kutoka Kimilili. Mtoto wa mvuvi, wanasema, aliyelelewa na mvumo wa bahari usiku na mchana, amefunga safari mpaka chini ya Mlima Elgon kwenda kuvua samaki mtoni! Na alipompata akamwachia! Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mmoja wao hakucheka. Ni mtu ninayemstahi kwa ilimu yake na kwa umri wake. Aliniuliza neno moja tu: "Hebu niambie, bwana, ile ilikuwa riziki au mchezo?"

Nilijaribu kumjibu palepale, ulimi ukanisaliti. Ndugu msomaji, jibu lenyewe ndilo hili, limechelewa miezi kadhaa.

Kisa kilianza hivi. Binti yangu ameolewa na mwalimu wa shule huko Kimilili, na kaskazi iliyopita, wakati huku pwani jasho likitutiririka kama tumetoka kuogelea, mimi nilikwenda kumtazama mjukuu. Nilidhani nitakaa juma moja. Nikakaa tangu mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, nimevaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Kimilili ni mji wa soko, mahindi na maharagwe, na ndiko alikotoka Elijah Masinde, yule mcheza kandanda hodari aliyekuja kuanzisha Dini ya Msambwa na kuwasumbua wakoloni, akafariki mwaka 1987. Waislamu wapo, na adhana inasikika. Nasi tusisahau kwamba si mbali na hapo, kule Mumias, babu zetu wafanya biashara walifika na misafara yao, na Nabongo Mumia mwenyewe akasilimu. Kwa hivyo sikujiona mgeni sana, ila kwa baridi.

Mkwe wangu ndiye aliyenipeleka kwa mzee mmoja wa Kisabaoti, juu kule upande wa Kapsokwony, mtu wa miaka themanini au karibu yake. Alipokuwa mtoto, katika miaka ya 1950, mzee huyo alikuwa akimbebea mkoba Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Kitale, aliyekuwa akija kuvua mlimani. Enzi hizo mashamba ya Trans Nzoia yalikuwa ya Wazungu, na wenyeji walikuwa vibarua ndani yake. Mtoto yule alibeba mkoba, akabeba kikapu cha samaki, akabeba chupa ya chai. Ufito hakuushika hata siku moja. Lakini macho hayabebi mzigo. Alitazama, akahifadhi.

Samaki mwenyewe aitwa trauti. Si mwenyeji wa nchi hii. Mwaka 1905, Mwingereza Ewart Grogan, yule aliyesifika kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo, alileta mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven huko Scotland, yakatiwa katika Mto Gura, milima ya Nyandarua. Yalikuja kwa meli, yakahifadhiwa katika baridi, yakapanda gari la moshi kwenda bara. Nami nikiwa mtu wa Mombasa sikuacha kutabasamu niliposikia habari hiyo. Mayai ya samaki yalipita mlangoni kwetu, yamefungwa kama lulu, na wavuvi wetu wakiwa ufuoni wakitengeneza dema zao hawana habari! Baadaye akaletwa na ndugu yake, trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni mito ya Marekani inayomwaga maji katika bahari ya Pasifiki. Huyu ndiye aliyekuja kukaa katika mito ya Mlima Elgon. Ubavu wake una mstari mwekundu unaochanganyika na zambarau, na mgongo wake umetiwa vidoto vyeusi kama mwandishi aliyekung'uta kalamu. Hawezi joto. Maji yakipita digrii 20 huanza kutaabika, ndiyo maana hutampata Kimilili mjini. Sharti upande msituni, upite miti mikubwa yenye mbega, ukaribie mianzi, pale ambapo maji yakikugusa mguu unatamka Bismillahi bila kutaka.

Tulilipa kiingilio cha mbuga na leseni yetu, tukaingia. Na sasa nieleze uvuvi wenyewe, maana hapa ndipo nilipoona kwamba miaka yangu yote ya bahari haikunifaa kitu.

Sisi tuna mshipi, ndoana, chambo na chubwi. Chubwi ndiyo inayobeba mambo yote: unaizungusha, unaitupa, nayo inauvuta mshipi. Kule hakuna chubwi wala chambo. Ndoana ni ndogo kama kucha ya mtoto mchanga, imefungwa uzi na manyoya ya shingo ya jogoo hata ikafanana na mdudu. Haina uzito wowote. Ukiitupa kwa mkono itaanguka miguuni pako. Kwa hivyo wamegeuza kazi: mshipi wenyewe ndio mnene na mzito, na ufito ukiupeleka nyuma kisha mbele, mshipi unaruka hewani kama mjeledi usiolia, unakunjuka, na mwisho wa mwisho, kwa uzi mwembamba usioonekana, yule mdudu wa uongo anatua juu ya maji. Kumbuka nasema anatua. Akianguka, samaki amekwishakwenda zake.

Siku ya kwanza mzee alinitazama kwa muda mrefu, halafu akasema: "Mswahili, wewe unapiga maji kama unafua nguo." Alikuwa na haki. Nilinasa majani, nikanasa kofia yangu mwenyewe, nikanasa koti la mkwe wangu, mtu wa heshima zake. Siku ya nne ndipo nilipoanza kufahamu. Trauti hukaa akielekeza kichwa kule maji yanakotoka, akingoja riziki iletwe na mkondo. Basi unamwendea kwa nyuma, umeinama, jua lisikupige ukamtupia kivuli. Unatazama ni mdudu gani anayeruka siku hiyo, ndipo uchague manyoya. Naye akimdaka mdudu wako, hugundua kwa nukta moja kwamba amedanganywa, akamtema. Katika nukta hiyo ndipo uinue ufito. Ukichelewa umekosa, ukiharakisha umekosa. Nimeandika mashairi miaka thelathini, na sijapata kuona kina kigumu kama hicho.

Nakiri nilipenda. Kuna asubuhi nilisimama ndani ya maji mpaka magotini, nikakumbuka kwamba maji yanayonipita yanakwenda kuingia Mto Nzoia, na Nzoia unaingia Ziwa Victoria kule Budalang'i, na kutoka ziwani humo ni Mto Nile mpaka Misri, mto ule uliobeba sanduku la Nabii Musa (A.S.) akiwa mchanga. Sikuvua kitu asubuhi ile, wala sikuona hasara.

Basi nije kwenye jambo lililonifanya nishindwe kujibu barazani.

Ilikuwa katikati ya Januari. Nilimpata samaki mdogo, hazidi urefu wa kiganja na vidole vyake. Kanuni ya mzee ni moja: mdogo hurudi majini. Unalowesha mkono kwanza, kwa sababu mkono mkavu unamwondolea ule utelezi unaomkinga na maradhi. Unamtoa ndoana angali majini. Unamshika ameelekea mkondo mpaka apate pumzi, mwenyewe atakwenda. Yote hayo nilikuwa nimefundishwa. Lakini huyu alikuwa mzuri mno, na mkwe wangu alikuwa na simu mkononi. Nikamwinua juu, nikacheka, nikageuka upande wa jua, nikaambiwa picha haikutoka vizuri, nikamwinua tena. Nilipomrudisha alilala ubavu. Nikamshika kama nilivyofunzwa, nikamsogeza huku na huku. Tumbo lake jeupe likageuka juu, mkondo ukamchukua.

Mzee hakunigombeza. Alisema tu, taratibu: "Huyo amekufa kwa sababu ya picha." Nikamfukuzia majini na viatu vyangu, nikaanguka, nikamkamata kwenye mawe chini. Jioni binti yangu alimkaanga, nikamla. Nyama yake ilikuwa mkono mmoja tu wa tonge.

Hapo ndipo lilipo swali la yule bwana wa barazani. Riziki au mchezo? Windo la majini tumehalalishiwa katika Suratul Maida, wala samaki hahitaji kisu. Hilo halina mjadala. Lakini imepokewa pia kwamba ndege mdogo aliyeuawa bure atasimama Siku ya Kiyama kumshitaki aliyemwua pasi na faida, na kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kiumbe chenye roho kufanywa shabaha. Mimi si mwanachuoni. Chuo changu kiliishia kwa mwalimu aliyenifundisha juzuu na fimbo kwa pamoja, na wenye ilimu watanisahihisha. Lakini nionavyo mimi, kumrudisha mdogo ili akue na azae ni amana. Kumla mkubwa ni riziki. Ama kutoka asubuhi hadi jioni ukawatoboa midomo samaki arubaini, ukawaachia wote, ukaenda kula nyama ya kuku hotelini, hilo mimi silioni kuwa huruma, hata likisifiwa vipi. Nimekutana na waungwana wawili kule, wamevaa vizuri, wakajisifu mbele yangu kwamba tangu waanze uvuvi huu hawajapata kuua hata mmoja. Nikawaza, na samaki naye ana habari kwamba ni mchezo?

Najua watasema ndoana zao zimebanwa meno, na wengi wa samaki hao hupona. Ni kweli hupona. Nami nakubali kwamba anayemwachia ana adabu kuliko anayejaza gunia. Lakini adabu ni kitu kimoja na haki ni kitu kingine.

Kuna hoja nyingine ambayo niliisikia Kimilili kwa vijana: kwamba trauti ni mgeni, ameletwa kwa starehe ya wakubwa, anakula wadudu na vyura wa wenyewe, kwa hivyo auawe tu. Hoja hii si ya kupuuzwa. Sangara alitiwa katika Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi mno za samaki wadogo wa asili zimetoweka kwa tumbo lake. Hata hivyo trauti hana pa kwenda. Maji ya chini ni moto kwake, amefungwa mlimani kama mfungwa wa kisiwani. Nami siwezi kumchukia mgeni aliyekaa vizazi na vizazi. Wengi wetu hapa pwani tukifunguliwa nasaba zetu tutatafutana.

Na kabla hatujawacheka watu wa bara, tujitazame. Hapa kwetu juya la kukokota lilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2001, na bado nimeliona kwa macho yangu likivutwa alfajiri, likikusanya tafi na changu wadogo kama majani ya mkwaju. Wale hawakuachiwa wala hawakuliwa; nusu yao walibaki mchangani kwa kunguru. Mvuvi gani hapo ana haki ya kumcheka mzee wa Kisabaoti anayelowesha mkono wake kwanza? Afadhali wenzetu wa Kuruwitu, Kilifi, waliokubaliana mwaka 2005 kuifunga sehemu ya bahari yao wasiivue kabisa. Walichekwa vilevile. Sasa samaki wamerudi hapo, na wageni wanakuja kutazama.

Nilipoagana na mzee, alinipa nzi mmoja wa manyoya mekundu ya jogoo wake, nikamtia kwenye pindo la kofia. Niliporudi nilikwenda Gazi kumwamkia ami yangu, aliyeacha bahari miaka mingi kwa sababu ya macho. Nikamwekea kiganjani, nikaanza kumweleza kwa madaha ufundi wa ajabu nilioujua mlimani, wa kumvua samaki kwa unyoya.

Akaupapasa kwa kidole gumba. "Mwanangu," akasema, "na sisi jodari tulikuwa tukimrambazia kwa nini? Babako hakukuonyesha?"

Nikamwambia hakunionyesha.

"Alikuonyesha. Wewe ulikuwa unasoma gazeti."