Nikikunyima Faili Sijakunyima Undugu

Jumapili iliyopita, saa tatu usiku, kazo yangu alinitumia meseji: "Si unitumie tu ile folda ya mashine. Ama uniwekee kwa flashi nikuje nichukue kesho."

Nataka tuongee kuhusu hilo neno "tu".

Kwa wageni hapa: nina mashine moja ya kudarizi, ya sindano moja, niliinunua mtumba baada ya kuacha chuo. Iko kati ya kitanda na dirisha, na ikianza kazi jirani wa chini anagonga dari na fagio. Nadarizi majina kwa jaketi za jinzi za Gikomba, kofia, hudi, beji za sweta za shule, halafu narekodi hiyo kazi na nyinyi mnaitazama. Hiyo ndiyo inalipa kodi. Kazo naye amepata mashine mwezi uliopita, nikamsaidia hata kuibeba kwa ngazi. Folda anayoitaka ina dizaini mia moja na kitu. Nimezinunua moja moja kwa miaka miwili, zingine siku ambazo chakula kilikuwa chai na mandazi.

Watu wengi wanadhani dizaini ya kudarizi ni picha. Ati unatoa simba Google, unaweka kwa mashine, mashine inashona simba. Ingekuwa hivyo singekuwa nanunua kitu. Mashine haioni simba. Inasoma faili, iwe PES, DST ama JEF kulingana na mashine yako, na faili hiyo ni maagizo matupu: sindano ishuke hapa, isonge pale, ishuke tena, sasa simama tukate uzi, sasa badilisha rangi. Dizaini ya ukubwa wa kiganja inaweza kuwa na mishono elfu kumi na zaidi. Kuna mtu alikaa akaamua hiyo mishono ielekee wapi, ibanane kiasi gani, na ni ipi itangulie chini ili ya juu isizame ndani ya kitambaa. Halafu uzi huvuta kitambaa. Ukichora duara safi kwa kompyuta bila kuhesabia huo mvuto, kwa kofia linatoka yai. Mishono ikibanana sana nguo inakunjamana, uzi unakatika, sindano inavunjika. Kwa hivyo huyo mtu anashona jaribio, anarekebisha, anashona tena. Mimi nimewahi kujaribu kutengeneza tausi wangu. Wikendi mbili. Alitoka kama kuku aliyenyeshewa.

Sasa yule aliyekaa mpaka tausi akatoka tausi anaiuza Etsy kwa dola tatu ama nne. Dola nne ni kama shilingi mia tano na kitu. Na kwa hizo pesa sinunui tausi mwenyewe, nanunua ruhusa ya kumtumia. Wauzaji hawafanani, lazima usome masharti ya kila mmoja: kuna wanaokubali uuze nguo ulizodarizi, kuna wanaotaka utumie nyumbani kwako pekee. Lakini mimi sijawahi kununua kwa mtu aliyeandika "wagawie na jamaa zako." Kofia naweza kukupa. Faili siwezi, haijawahi kuwa yangu ya kupeana.

Sitawatisha na sheria. Iko. Kuna Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kuna KECOBO, na Katiba ya 2010 kwa kifungu cha 40 inaiambia serikali ilinde haki za ubunifu za Wakenya. Lakini nani amewahi kumnyima binamu yake kitu kwa sababu ya kifungu? Binamu unamnyima ukijua mtakutana Krismasi kwa shosho, mkikula kutoka kwa sinia moja. Hapo ndipo kuna ngori.

Kazo alinijibu kitu ambacho kila mtu huniambia: "Kwani unapungukiwa na nini? Ukinitumia bado unabaki nayo."

Na ni kweli, manze. Nikikupa chapati yangu nalala njaa, nikikupa faili sipungukiwi hata na shilingi. Anayepungukiwa ni mtu ambaye hayuko kwa hii chat. Kwa hivyo mnaponiambia niwe mkarimu, mnaniomba niwe mkarimu na mfuko wa mtu mwingine. Mimi nitasifiwa "ana roho safi huyu," na yeye hata hatajua amechanga.

Kuna wale watasema hao ni wazungu, hawana shida. Mosi, humjui huyo mzungu. Pili, si wote wazungu. Ile dizaini yangu ya ngao na mikuki, ile mmeiona kwa kofia nyeusi, niliinunua mia nane kutoka kwa kijana wa Nakuru anayezitengeneza usiku akitoka kazini. Ukingo wa ngao ulikuwa unakata uzi kwa mashine yangu. Nikamwandikia saa nne usiku, akafungua laptopu, akapunguza mishono pale kwa kona, akanitumia tena bila kuniongezea bei. Huyo jamaa aliniambia ameiuza hiyo ngao mara sita tangu aitengeneze. Mara sita! Na ameiona kwa kofia za watu ambao hajawahi kuwauzia kitu. Mia nane mara sita, piga hesabu uniambie kama hiyo ni kodi ya nyumba.

Najua mtu tayari anaandika "na wewe ulikuwa unatazama muvi za nani?" Za DVD za shilingi hamsini, bana, kama wewe. Na chuoni nilisoma kitabu kizima cha fotokopi kwa sababu nakala za maktaba zilikuwa mbili na sisi tulikuwa darasa zima. Mimi si malaika na sijasimama kwa mimbari. Nimebadilika kwa kitu kimoja, na nyinyi mlikuwepo.

Mnakumbuka ile video ya jaketi ya "Mama Boi"? Sekunde arobaini, lakini nilirekodi siku mbili, stima ikapotea katikati nikaanza upya na jaketi nyingine. Ukurasa mmoja mkubwa ukaichukua, ukakata jina langu chini, ukaiweka kama yao. Ikatazamwa huko mara nyingi kuliko video zangu zote zikijumlishwa. Mlipigana! Mlijaza ukurasa wao: "Tajeni mwenye kazi!" "Kwani kontenti ni ya bure?" Nilienda kusoma hizo komenti zote nikilia na kucheka. Na mmoja wa wale waliopigana sana, aliyeandika kwa herufi kubwa ati "HUYO MTU HULALA SAA NANE AKISHONA," alikuwa kazo yangu. Huyu huyu.

Sasa nisaidieni. Video yangu ni jasho, lakini ngao ya kijana wa Nakuru ni "tu"? Sisi ndio kizazi kinacholia kila siku ati hakuna anayelipa kazi ya vijana. Mteja anataka logo ya bure "utapata jina." Ofisi inataka mwanafunzi wa miezi sita bila hata nauli. Tunakasirika, na tuna haki. Halafu tukifika kwa kazi ya mtu mwingine wa rika letu, tunaleta flashi.

Lakini sijawaambia sehemu ngumu, na nikiiruka nitakuwa nawadanganya.

Mama yake kazo, anti yangu, ndiye alichanga elfu kumi na tano ya karo yangu ya mwaka wa pili. Ile karo ambayo nilikuja kuacha chuo nayo. Anti hajawahi kunikumbusha, hata siku moja. Jumatatu akanipigia. Hakupaza sauti. Alisema, "Nimesikia unamfichia mwenzako kazi. Sisi hatukukufichia." Kisha akauliza kama nimekula.

Hilo swali la kula ndilo lilinimaliza. Nilikaa na simu mkononi nikifikiria kutuma hiyo folda yote, nimalize. Ningekuwa na amani kwa dakika mbili hivi.

Nikamwambia: "Anti, naomba usikasirike. Deni lako nalijua na sitalikataa. Lakini hizo dizaini si zangu, nilipewa ruhusa ya kuzitumia mimi pekee. Nikikulipa nazo nitakuwa nakulipa na pesa ya mtu mwingine. Acha nikulipe na ya kwangu." Anti huuza sweta za shule, kwa hivyo nikamwambia muhula ujao beji zote za sweta zake zitapita kwa mashine yangu bila kulipa. Uzi ni wangu, stima ni yangu, usingizi ni wangu. Alinyamaza kidogo, akasema "tutaona." Wanaojua anti za Kenya wanajua "tutaona" inaweza kuwa chochote.

Zamani singesema hivyo. Zamani nilikuwa nadanganya. "Laptopu imekufa." "Faili ziliingia virusi." Halafu usiku huohuo naweka video mpya na dizaini ileile ambayo imekufa, na mtu anaona. Uongo wa adabu ni mbaya kuliko jibu lenyewe, maana unamfanya mwenzako angoje laptopu ipone. Atauliza tena wiki ijayo, na atakuwa na haki. Na usiseme "nitaangalia" kama hutaangalia. Sema hapana mapema, kwa upole, mara moja, na usiongeze hotuba kuhusu wezi. Kazo si mwizi. Ameomba kitu ambacho kila mtu huomba na hakuna aliyewahi kumwambia kiko na mwenyewe.

Kisha mpe kitu. Mimi nilimtumia linki za wauzaji watano ninaowaamini, na nikamnunulia dizaini moja kwa akaunti yake mwenyewe, ya ua la waridi, iwe yake kabisa. Nikamwonyesha pia Ink/Stitch, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya Inkscape. Hiyo ni bure ya halali, wenyewe wameamua kuipeana, na unatengeneza dizaini zako mwenyewe hata kama za kwanza zitakuwa kuku walionyeshewa. Kuna wauzaji wengi pia huweka dizaini moja mbili za bure ili ujaribu kazi yao. Kwa hivyo hii hadithi ya "mimi sina pesa, nitaanzaje" tusiitumie kwa kila kitu.

Nikamwambia ya mwisho: Ijumaa mchana mashine yangu haina kazi. Aje na kofia zake, nimfundishe kufunga kitambaa kwa fremu kisilegee, maana hapo ndipo wanaoanza huharibu nguo za watu, na hakuna faili duniani itakusaidia kama fremu imelegea.

Alama za bluu ziko tangu Jumanne. Hajajibu. Kwa kikundi cha familia ameweka picha ya mashine yake na maneno "Mungu ndiye hutoa," na najua hiyo ni yangu. Anti ameipigia makofi. Mimi pia nimepiga, juu mashine ni poa kweli.

Ijumaa nimeacha wazi. Nimetoa fremu mbili na nimekata vipande vya jinzi vya kujaribia. Folda iko palepale kwa laptopu, na laptopu iko na nywila.